Bakteria ni Yule Yule, Mti Ndio Si Ule

Anayekutana kwa mara ya kwanza na mtufaha ulioshikwa na ugonjwa huu hudhani kuna mtu amepita usiku na mwenge. Majani yamekuwa meusi na makavu, lakini hayajapukutika. Yananing'inia pale pale tawini kama nguo zilizosahauliwa kwenye kamba. Ncha za machipukizi zimejipinda kama mpini wa bakora. Ukikwangua gome kwa kisu mahali panapoonekana bado pazima, chini yake unakuta michirizi ya rangi ya kutu ikiteremka kuelekea shinani, maana ugonjwa umeshatangulia kabla ya jicho kuuona. Na asubuhi yenye unyevu, kwenye gome au kwenye tunda changa, hutoka tone zito la rangi ya asali. Tone hilo si utomvu. Ni bakteria waliosongamana ndani ya ute walioutengeneza wenyewe, wakingoja mvua au mguu wa nzi.

Huu ndio mnyauko-moto, na anayeuleta ni bakteria aitwaye Erwinia amylovora. Mitufaha na mipeasi ina maadui wengine wa jamii hiyo. Yupo Agrobacterium anayeotesha manundu kwenye shingo ya mzizi, yupo Pseudomonas syringae anayeunguza maua ya mpeasi siku za baridi na majimaji, na wapo fitoplazma, bakteria wasio na ukuta wa seli, wanaobebwa na wadudu wafyonzao utomvu na kuudhoofisha mti polepole. Wote ni wasumbufu. Lakini anayeweza kulikuta shamba zima kwenye maua na kulifanya kuni kabla ya mavuno ni mmoja, na ndiye ambaye watafiti wamemwandama kwa zaidi ya miaka 140.

Nikiusoma utafiti huo, wa zamani na wa sasa, narudi kwenye wazo lile lile: tumemchunguza mno bakteria, mti tukaupa masalia ya muda wetu. Na matokeo ya maabara, ukiyaweka pamoja, hayamnyooshei kidole bakteria peke yake. Yanatunyooshea sisi tuliopanda.

Asili yake ni Amerika ya Kaskazini. Aliishi huko kwenye miti ya porini iliyo ndugu wa mtufaha bila makelele mengi, hadi walowezi walipoleta mitufaha na mipeasi ya Ulaya, miti ambayo haikuwahi kukutana naye. Mwaka 1780, katika nyanda za mto Hudson jimboni New York, William Denning aliona miti ya matunda ikifa kwa namna asiyoielewa, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 1794. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huku mwenyeji alikuwa na lake, na mgeni ndiye aliyeungua.

Kwa karibu karne nzima kila mtu alikuwa na maelezo yake: radi, jua kali, utomvu ulioganda kwa baridi, wadudu. Mwishoni mwa miaka ya 1870 Thomas Burrill wa Chuo Kikuu cha Illinois aliutazama ute ule kwa hadubini akakuta umejaa vijidudu, na kufikia 1880 alikuwa ameupenyeza kwenye miti mizima na kuiona ikiugua. Joseph Arthur akaukamilisha ushahidi mwaka 1885. Ulikuwa ugonjwa wa kwanza wa mimea kuthibitishwa kuwa unaletwa na bakteria, na Burrill alifika hapo kabla Robert Koch hajatangaza bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882. Hata hivyo miaka 12 baada ya Arthur, Alfred Fischer, mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, bado alikuwa akishikilia kwamba bakteria hawawezi kuugusa mmea ulio hai. Mmarekani Erwin Smith alimjibu kwa hoja na kwa majaribio mpaka ubishi ukaisha, na jina Erwinia limetokana naye. Neno la pili, amylovora, maana yake ni mla wanga. Burrill aliamini ndicho chakula chake. Baadaye ikabainika kwamba wanga hawezi hata kuuyeyusha. Kwa hiyo kiumbe huyu anatembea na kitambulisho chenye kosa la karani, na hakuna aliyejisumbua kukibadilisha.

Aliyefanya kazi ninayoistahi kuliko zote katika kipindi kile ni Merton Waite wa wizara ya kilimo ya Marekani. Kufikia 1891 alikuwa ameonyesha kwamba nyuki na wadudu wengine huwabeba bakteria kutoka ua hadi ua. Suluhisho la haraka lilikuwa wazi: wafukuze nyuki. Waite akafunika maua ili wadudu wasiyafikie, akagundua jambo ambalo wenye mashamba hawakulitarajia, kwamba aina nyingi za mipeasi hazizai vizuri bila chavua ya aina nyingine, na mletaji wa chavua hiyo ni nyuki yule yule. Ukimfukuza unaokoa mti na kukosa tunda. Wengi hukumbuka sehemu ya kwanza ya ugunduzi huu. Mimi naona uzito uko kwenye ya pili, kwa sababu ndiyo mara ya kwanza utafiti wa ugonjwa huu ulipokwenda kuuliza mti wenyewe unaishije.

Ua ndilo uwanja wa vita. Likifunguka, stigma zake, yaani ncha zinazopokea chavua, huwa na unyevu na lishe ya kutosha, na bakteria wachache walioshushwa na nyuki wakati wa joto wanaweza kufika milioni moja na zaidi katika muda mfupi. Hapo juu hawadhuru kitu. Stigma si mlango. Mlango uko chini, kwenye kitako cha ua, mahali panapotoka mbochi, kwani pale pana matundu madogo ya asili. Siku kavu hata wakifika hawafui dafu, kwa sababu mbochi mzito una sukari nyingi na unawakausha. Kisha unanyesha mmanyunyu tu, au umande mzito unadondoka. Maji yanawakokota bakteria kutoka juu hadi chini, na yanazimua mbochi ukawa mwepesi. Wakishaingia wanatumia kifaa kidogo mfano wa sindano kupenyeza protini zao ndani ya seli za mti na kuuvuruga ulinzi wake. Ua linanyauka, ugonjwa unashika tawi, na baada ya siku kadhaa mwenye shamba anauona moto.

Kutokana na ufahamu huo ikazaliwa kazi ambayo haitajwi sana kwa kuwa haina mbwembwe: hesabu ya hali ya hewa. Paul Steiner wa Chuo Kikuu cha Maryland alitengeneza mfumo uitwao Maryblyt unaouliza mambo manne. Je, maua yamefunguka? Je, joto lililokusanyika tangu yafunguke limetosha bakteria kuzaliana? Je, kumekuwa na mvua au umande? Je, wastani wa joto la siku umefika nyuzi 15.6 za Selsiasi? Yote manne yakikutana, leo ni siku ya hatari. Moja likikosekana, unaweza kuacha dawa stoo. Hakuna jeni iliyoguswa wala mashine ya mamilioni. Ni kipimajoto, kipimamvua na mtu anayelitazama ua. Nasema bila kusita kwamba hesabu hii imewaepusha wakulima na unyunyiziaji mwingi wa bure kuliko makala nyingi zenye picha za rangi kuhusu protini za bakteria.

Sasa tumtazame bakteria mwenyewe. Jenomu yake, yaani jumla ya jeni zake zote, iliposomwa na kuchapishwa mwaka 2010, ilitoka kwa bakteria aliyechukuliwa Ufaransa kwenye kichaka jamaa wa mtufaha. Wakailinganisha na ya mwenzake wa New York. Zilifanana kwa zaidi ya asilimia 99.98. Bahari nzima katikati yao, na tofauti karibu hakuna. Huyu ni kiumbe aliyesafiri na miche na vipando vya watu, akafika New Zealand mwaka 1919, Uingereza mwaka 1957, kisha akatambaa Ulaya na Mashariki ya Kati, na karibu kila alikoshuka alishuka na jenomu ile ile. Kwa hiyo mnyauko-moto unapozuka kwa ukali mpya, hatuwezi kusema upesi kwamba amekuja bakteria mkali zaidi. Lazima tuulize amekuta nini.

Alichokuta Uingereza ni kielelezo kizuri. Ugonjwa ulionekana kwanza Kent, kwenye mipeasi ya aina ya Laxton's Superb. Aina hii ina tabia ya kutoa maua ya pili baada ya msimu, hewa ikiwa imeshapata joto, yaani inamfungulia bakteria mlango wakati ambao mipeasi mingine imeshafunga.

Kwenye mitufaha kisa ni kirefu zaidi. Mtufaha wa biashara si mti mmoja, ni miwili iliyounganishwa: juu kuna aina inayozaa tunda linalouzwa, chini kuna shina la kubebeshea lenye mizizi, ambalo ndilo linaloamua mti utakuwa mkubwa kiasi gani. Katika karne ya 20 wakulima walihamia mashina yanayoufanya mti kuwa mfupi, hasa M.9 na M.26, yote yakitoka kwenye kituo cha East Malling, Uingereza. Faida yake haina ubishi. Miti mifupi huanza kuzaa mapema, huchumwa bila ngazi ndefu, na hekta moja hubeba elfu mbili au tatu badala ya mia chache. Tatizo ni kwamba M.9 na M.26 hayana kinga yoyote ya maana dhidi ya mnyauko-moto. Na watafiti wameonyesha kwamba bakteria anaweza kuingia kwa ua la juu, akateremka ndani ya mti unaoonekana mzima, akafika kwenye shina la chini na kuliua. Tawi lililougua unalikata. Shina likiugua, utakata nini?

Juu ya mashina hayo wakabebesha aina ambazo soko lilizitaka. Red Delicious ya zamani, ambayo walaji walianza kuichoka, ilikuwa na uvumilivu wa kiasi. Zilizochukua nafasi yake, Gala na Fuji zikiwemo, hushambuliwa kwa urahisi. Mwezi Mei mwaka 2000 kusini-magharibi mwa Michigan joto, mvua na dhoruba vilikutana wakati miti ikiwa kwenye maua. Miti kati ya 350,000 na 450,000 ilikufa, na hasara ikakadiriwa kuwa dola milioni 42. Bakteria alikuwa yule yule ambaye mashamba ya huko yalikwishamzoea. Mti ndio haukuwa ule.

Michigan ilikuwa na jambo la pili, nalo ni streptomaisini. Dawa hii iligunduliwa mwaka 1943 katika maabara ya Selman Waksman na mwanafunzi wake Albert Schatz, na ndiyo ya kwanza kutibu kifua kikuu kwa mafanikio. Miaka ya 1950 ikaingia kwenye mashamba ya matunda, na kwa mnyauko-moto ilifanya kazi vizuri mno: unainyunyizia ua siku ya hatari, bakteria wanafia kwenye stigma kabla hawajateremka. Mapema miaka ya 1970 usugu ukaonekana kwenye mipeasi ya California, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukagunduliwa Michigan. Njia zilikuwa mbili tofauti. Magharibi mwa Marekani ni badiliko dogo ndani ya jeni moja ya bakteria mwenyewe. Michigan bakteria alipewa jeni za usugu, na anayeshukiwa kumpa ni bakteria mwingine asiye na madhara anayeishi kwenye maua yale yale. Jeni za jamii hiyo hupatikana pia kwenye bakteria wa binadamu na wa mifugo.

Siko kwenye kundi la wanaodai kwamba kila tone la antibiotiki juu ya mti ni jinai. Kiasi kinachokwenda kwenye miti ya matunda ni kidogo sana kikiwekwa kando ya kile kinachotumika kwa mifugo. Lawama yangu kwa streptomaisini ni nyingine. Ilitulevya. Kwa miongo kadhaa mwenye shamba alipanda anachotaka juu ya shina analotaka kwa sababu dawa ilikuwepo, na wenye fedha za utafiti hawakuona haraka ya kutafuta kingine. Wakulima wa matunda ya kilimo hai nchini Marekani walipokatazwa antibiotiki kuanzia Oktoba 2014, wengi walitabiri maafa. Badala yake zikatafutwa njia: hamira iitwayo Aureobasidium pullulans inayotangulia kukalia nafasi kwenye ua, shaba kwa vipimo vidogo, na hesabu ya hali ya hewa ikifuatwa kwa makini zaidi. Si rahisi, na pengine mwaka mbaya utawaumbua. Lakini wapo shambani bado.

Msomaji makini atanikamata hapa. Nimesema bakteria habadiliki, kisha nikasimulia alivyobadilika kuishinda dawa. Ni kweli, na kuna ushahidi mwingine mchungu zaidi. Katika mtufaha mwitu uitwao Malus robusta 5, watafiti walipata jeni ya kinga, wakaiita FB_MR5, na mwaka 2014 timu ya Uswisi ikaonyesha kwamba ukiihamishia kwenye Gala, Gala inapata kinga. Ilikuwa habari kubwa. Lakini ilishajulikana kwamba kinga hiyo hutegemea mti kuitambua protini moja ya bakteria, na wapo bakteria ambao protini yao inatofautiana kwa asidi amino moja tu. Hao wanapita bila kuulizwa. Kwa hiyo naisahihisha kauli yangu: bakteria habadiliki mpaka tumwekee kizuizi kimoja tu. Tukimpa kimoja, awe ni dawa au jeni, tunamrahisishia mtihani. Ndiyo sababu wazalishaji wa mbegu sasa wanatafuta kupachika kinga mbili tatu kutoka miti tofauti ndani ya mti mmoja. Kazi hiyo ingechukua maisha ya mtu, kwa kuwa mtufaha uliotoka kwenye mbegu hukaa miaka mingi kabla ya kutoa ua. Huko Dresden-Pillnitz, Ujerumani, wamepata njia ya mkato: wanatumia jeni ya mti wa Ulaya uitwao Betula kuufanya mtufaha mchanga uchanue mapema sana, wanaupitisha vizazi kwa haraka, na mwishoni wanachagua mche ambao haukurithi jeni hiyo ya kuharakisha.

Kutafuta kinga nako kuna hatari zake, na mipeasi ina kisa chake. Karne moja iliyopita Frank Reimer wa Oregon alikuwa akisaka mashina yanayostahimili mnyauko-moto, na mchunguzi Frank Meyer akatumwa China kukusanya mbegu za Pyrus calleryana, mpeasi mwitu wenye kinga nzuri. Mbegu zikafika Marekani kwa wingi. Mti mmoja uliotokana na uagizaji huo ulivutia kwa maua yake meupe, ukapewa jina la Bradford, na tangu miaka ya 1960 ukapandwa pembeni mwa barabara kama pambo. Leo wazao wake wameenea kwenye misitu na mashamba yaliyoachwa, wakisonga mimea ya asili, na mwaka 2023 jimbo la Ohio likapiga marufuku kuuuza. Utafiti wa bakteria mmoja ulizaa gugu lenye ukubwa wa mti.

Serikali nazo zimekuwa na utafiti wao, mara nyingi ukiongozwa na hofu. Australia ilifunga mlango kwa matufaha ya New Zealand mwaka 1921 na haikuufungua hadi 2011, baada ya kushindwa katika Shirika la Biashara Duniani. Japani nayo ilishindwa na Marekani kwenye kesi kama hiyo. Hoja ya kisayansi ilikuwa fupi: tunda lililokomaa na lisilo na dalili halijaonyeshwa kuwa ndilo linaloanzisha ugonjwa nchi ya mbali. Anayesafiri na ugonjwa ni mche na kipando. Korea Kusini, iliyoupata mwaka 2015, iling'oa na kuzika mashamba na kuwalipa wenyewe fidia, na bado ukaendelea kujitokeza. Siwalaumu waliojaribu. Najiuliza tu ni sehemu gani ya fedha hizo ingetosha kuwapa wakulima hao miche yenye mashina ya kinga.

Kwa sababu mashina hayo yapo. Katika kituo cha utafiti cha Geneva, New York, James Cummins na Herb Aldwinckle walianza mwaka 1968 kuchanganya M.9, M.27 na jamaa zao na miti yenye kinga kama Robusta 5. Waliotesha mbegu kwa maelfu, wakaichoma miche kwa sindano yenye bakteria, iliyoungua ikatupwa, michache iliyosimama ikapandwa na kungojwa kwa miaka. Humo ndimo lilimotoka G.41, shina fupi kama M.9 ambalo mnyauko-moto hauliui, na wenzake kadhaa. Kutoka mbegu hadi mkulima ni takriban miaka 30. Hakuna mradi wa miaka mitatu unaoweza kufanya hivyo, na ninashuku kwamba mfumo wa ruzuku za sasa ungeukatia fedha kabla mche wa kwanza haujachanua.

Katika kituo hicho hicho cha Geneva kuna mitufaha iliyooteshwa kwa mbegu za Malus sieversii, mtufaha mwitu wa milima ya Kazakhstan ambao ndio mzazi mkuu wa matufaha yote tunayokula. Mbegu zililetwa na misafara iliyoanza mwaka 1989, na baadhi ya miche yake ilipochomwa sindano ile ile ilistahimili. Mnyauko-moto umeshafika Kazakhstan kwenyewe. Misitu iliyoko juu ya Almaty, ambako kila mti umetoka kwenye mbegu yake na hakuna miwili iliyo sawa, sasa inakutana na bakteria huyu kwa mara ya kwanza, na watafiti wanapanda milimani wakati wa maua kuhesabu ni ipi imeungua na ipi bado ina majani mabichi.